Msafishe Bibi Kidogo

Mama alipotea Jumatatu asubuhi, na ilipofika jioni mimi na kaka yangu Stephano tulikuwa tunagombana juu ya karatasi. Hatukugombana juu ya nani aliyemwacha atoke, maana hilo lilijulikana: ni mimi. Mimi ni fundi cherehani hapa Kitomanga. Nilikuwa napiga pasi sare za kwaya, nikamkalisha mama kibarazani achambue mbaazi, nikainamia pasi yangu, na nilipoinua kichwa kibarazani palikuwa na ungo tu.

Mama yangu, Antonia, alikuwa na miaka themanini na ushee. Miguu ilikuwa mizima. Akili ndiyo iliyokuwa inamtoka. Mwaka mzima alidai arudi kwao Newala kupanda mihogo, ilhali shamba lenyewe liligawanywa zamani na wengi wa waliogawana wameshakufa. Siku nyingine aliniita Devota, jina langu. Siku nyingine aliniita dada. Nilikuwa nimechoka, nasema kweli, na nilikuwa namjibu vibaya.

Tulimtafuta kwenye mikorosho, visimani, bondeni kote. Majirani walitoka, Waislamu kwa Wakristo, wakaita mpaka sauti zikawakauka. Jua lilipoanza kushuka mwenyekiti wa kitongoji akasema kilichobaki ni matangazo yenye picha, yabandikwe barabara nzima kuanzia Lindi mpaka Nangurukuru, na wenye magari wapewe wayapeleke vijijini. Akasema wengi hawasomi maandishi, lakini sura ya mtu kila mmoja anaisoma.

Picha ya mama ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa ndani ya simu yangu. Mama hakupenda kupigwa picha. Alikuwa Mmakonde wa zamani, aliyechanjwa usoni akiwa msichana: mistari ya nembo kwenye mashavu yote mawili, mwingine katikati ya paji la uso, na juu ya mdomo tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha kuchomeka mdomoni, aliyoacha kuivaa kabla mimi sijazaliwa. Watoto wa shule walikuwa wakimwona wanasukumana na kucheka. Na mimi, Mungu anisamehe, siku ya harusi yangu nilimwomba ajifunike khanga mpaka puani, na akajifunika bila kuuliza. Picha hiyo nilimpiga mwaka jana, amekaa mlangoni, amekunja uso kwa sababu ya jua, na nembo zote zinahesabika.

Sasa tukaichapishe wapi? Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Rosa, binti wa Stephano, alipiga simu kutoka Dar. "Shangazi, huku kuna watu unawatumia picha kwa WhatsApp, wanachapisha kwenye karatasi ngumu isiyolowa, halafu wanakuwekea kwenye basi. Kesho kutwa unayo mkononi."

"Mpaka kesho kutwa bibi yako atakuwa amekula nini?" nikamjibu, nikakata simu.

Karibu na stendi yupo Dominick, mwenye duka la madaftari na mashine ya kuchapishia iliyobaki na wino mweusi peke yake. Stephano alitaka tumalizane hapo hapo. Dominick ni mtu wa maneno machache na vidole vichafu. Aliichukua picha kutoka kwenye simu yangu, akatoa karatasi moja ya majaribio, akaiweka mezani. Jicho moja la mama lilikuwa limezama kivulini. Nembo zilitoka nyeusi tii, kali, kila mstari peke yake.

"Hapana," nikasema. "Umemfanya kama jambazi anayetafutwa."

"Ni yeye," alisema Stephano.

"Ndiyo ni yeye, lakini simbandiki mama yangu hivi barabara nzima. Watu watamcheka."

"Devota, wacha wacheke, ilimradi tumpate."

"Watapiga picha, watarusha kwenye makundi yao, watamwita kinyago. Huwajui watu wewe?"

Dominick aliuliza atoe mia ngapi, maana foleni ilikuwa inamngoja. Nikamwambia asitoe hata moja, naenda Lindi kesho, kwa watu wanaojua kazi yao. Stephano alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kaka yangu akinyamaza huwa amekubali kushindwa, na mimi maisha yangu yote nimependa kushinda. Ile karatasi ya majaribio niliikunja mara nne, nikaitia ndani ya kitabu changu cha sala, kwa sababu kutupa sura ya mama jalalani nilishindwa.

Jumanne nikawa Lindi mjini, studio kwa Clemence. Huko ndiko watu wote wa upande wetu wanakopeleka picha za komunio na za harusi. Rangi zinawaka, karatasi inateleza. Umeme ulikuwa umekatika, nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana nikiwaza mama yuko juani au kivulini. Ningeweza kuondoka. Ningeweza kurudi kwa Dominick nikakuta kazi imekwisha kabla ya jioni. Nilikaa, kwa sababu ukutani kulikuwa na picha za wazee waliovaa vizuri, nyuso nyororo, na nilitaka mama awe kama wao.

Umeme uliporudi, Clemence aliniamkia kwa adabu na kuanza na maandishi. Jina, umri, nguo alizovaa, namba yangu ya simu.

"Ana alama yoyote usoni tuiandike, mama?"

"Picha si itaonyesha?" nilisema. Ukweli ni kwamba sikutaka neno nembo lisomwe na kila mpita njia.

Akaifungua picha kwenye kompyuta. Uso wa mama ukajaa kioo kizima. Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakasogea kuangalia, nikasikia mmoja anaguna. Masikio yangu yakawa ya moto.

"Nimsafishe bibi kidogo?" aliuliza Clemence. Hakuwa na ubaya wowote. Kila picha anayoitoa huisafisha, hata za marehemu, ndugu wanapenda.

"Msafishe," nikasema.

Akapitisha kipanya juu ya uso. Mikunjo ya macho ikanyooka, mbele ya macho yangu, kama kitambaa chini ya pasi. Mimi ni fundi, siwezi kuona mkunjo nikatulia, na nilihisi raha, ndiyo, raha, siku ya pili mama yangu akiwa hajulikani alipo. Kisha mstari wa paji la uso ukafifia. Kisha mashavu. Kisha lile tundu la mdomoni likazibika kana kwamba halikuwahi kutobolewa. Nilipaswa kusema acha hapo. Neno lilikuwa rahisi. Badala yake nilisema, "Muongezee mwanga kidogo upande huu."

Jumatano tulibandika. Kwenye stendi, kwenye mikorosho ya kando ya barabara, kwenye milango ya maduka ya dawa. Akina mama wenzangu wa kanisani waliangalia wakasema kapendeza, na mimi nikafurahi kama mjinga. Dominick peke yake ndiye aliyetoka dukani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Huyu nani?" akauliza.

"Macho huna?"

"Dada Devota, mbona nembo zimefutwa? Mtu asiyemjua atamjuaje?"

"Una wivu wa biashara," nikamwambia mbele za watu. "Kanunue wino wa rangi ndipo uje uniongeleshe." Alirudi ndani. Nilisimama pale na gundi mkononi, najua kabisa alichosema ni kweli, na bado nikabandika nyingine juu ya mlango wake.

Madereva wa malori ya ufuta walikuwa wanapumzika stendi. Niliwapa kila mmoja karatasi. Mmoja, mwanamume mnene aliyekuwa anamenya chungwa, aliishika kwa muda mrefu, akaigeuza kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Huyu hapana, dada. Sijamwona." Akaahidi hata hivyo kuibandika anakokwenda kupakia mzigo. Nikamshukuru.

Alhamisi kimya. Ijumaa kimya. Simu ikilia ni mtu anayeuliza kama tumeshampata. Nilikuwa siwezi kumeza kitu. Nikikaa kwenye cherehani naona ungo, nikilala namsikia mama anavyokohoa upande wa pili wa ukuta, naamka, hakuna mtu. Nilimwomba Mungu anipe hata saa moja nimjibu vizuri.

Jumamosi mchana ikaingia simu ya namba nisiyoijua. Upepo mwingi.

"Asalaam alaykum. Mimi naitwa Esha, niko Likawage. Nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Naongea na Devota?"

"Ndiye mimi."

"Dada yangu, usinifikirie vibaya. Mimi kusoma sijui. Kuna tangazo lenu lililetwa hapa ghalani na lori la ufuta, siku ya Alhamisi. Leo ndiyo mpwa wangu kanisomea, nikasikia jina lako. Kwangu alikaa bibi mmoja tangu Jumatatu; jina lake hakulitaja, na nguo alizokuja nazo nilimvua nikazifua. Siye wenu, wenu uso wake msafi. Huyu wa kwangu ana nembo, na hapa juu ya mdomo ana tundu. Ila kutwa nzima alikuwa anamwita Devota. Nimeona moyo hautulii, bora niulize."

Nilikaa chini, hapo hapo sakafuni, katikati ya vipande vya nguo za watu.

"Yuko wapi, Esha? Niambie yuko wapi."

"Jana alfajiri nimeamka sikumkuta. Tumeangalia mashambani, hatujamwona. Dada, kwani ndiye? Mbona Alhamisi nilimshika mkono mpaka ghalani? Mwenyekiti wetu alimwinua kidevu, akamtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena. Wote tulisema siye. Mwenyewe nikamuuliza, bibi, huyu unamjua? Akasema hapana, simjui mama huyu. Tukamsikitikia, tukasema wenzake wanatafutwa, yeye hana wa kumtafuta."

Sijui nilimjibu nini. Stephano anasema nilikuwa nalia kwa sauti ya mtu anayepigwa.

Jumapili tulifika Likawage, mimi na yeye, kwa pikipiki mbili tulizokodi Nangurukuru. Njia ya vumbi tupu, mchana mzima. Esha alikuwa ametungoja barabarani, mwanamke mwembamba wa makamo yangu, mikono ya jembe. Nilitoa kitabu cha sala, nikaikunjua karatasi ya Dominick. Hakuhitaji hata kuishika.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyu. Ya Rabi, ndiye."

Kila niliyemwonyesha alisema hivyo hivyo, kabla sijamaliza kuuliza. Watoto walisema. Mwenyekiti alisema, kisha akavua kofia na kutazama chini. Ghalani nilimkuta yule dereva mnene wa chungwa. Aliitazama karatasi akaanza kutokwa jasho. "Huyu nilimpakia mimi," alisema. "Jumatatu, pale Kitomanga. Aliniambia anarudi kwao kupanda mihogo. Nilidhani kwao ni huku." Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, jambo ambalo nalisikia mpaka leo: "Dada, kwa nini siku ile hukunionyesha hii?"

Kijiji kizima kiliingia porini. Tulimwita mama kwa jina lake, tukamwita Bibi, Stephano akamwita kwa Kimakonde kama tulivyokuwa tunamwita utotoni. Jumatatu saa sita mchana wakampata wachoma mkaa, kwenye korongo kavu, mwendo wa saa tatu kutoka kwa Esha. Alikuwa amekaa, mgongo kwenye ukingo, khanga ya Esha mabegani. Mbele yake, kwenye mchanga, alikuwa amechomeka vijiti vya muhogo mstari mmoja ulionyooka, kijiti baada ya kijiti. Vya mwisho vilikuwa vimelala, hakupata nguvu ya kuvisimamisha.

Mganga wa zahanati alisema hajafa zamani. Kiu na baridi, alisema. Huenda ni jana tu. Jana mimi nilikuwa barabarani nakuja. Alhamisi alikuwa amesimama ghalani mbele ya karatasi yangu, ameshikwa mkono, ameshiba uji, na watu wazima wanamlinganisha na mwanamke niliyemtengeneza Lindi. Nimehesabu siku hizo kila namna, hazinipi jibu jingine.

Mazishi yalikuwa Jumatano nyumbani. Stephano alikwenda Lindi kuchukua jeneza, na Clemence, aliposikia, akampa rambirambi yake: ile picha, safari hii kubwa, amezidi kumsafisha na kumvika kitambaa cheupe kichwani, ndani ya fremu yenye kioo, imefungwa kwa karatasi. Stephano hakuifungua. Rosa ndiye aliyeifungua, alipofika kutoka Dar; hakujua lolote. Akaiweka juu ya meza mbele ya nyumba, kwenye njia ya kuingilia, na wanakwaya wakaizungushia maua. Ndiyo ingetangulia mbele ya jeneza kwenda makaburini. Mimi nilikuwa ndani kwenye mkeka na wanawake wengine. Nilisikia watu wanaoingia wakisema bibi kapendeza. Sikuwa na nguvu ya kunyanyuka, wala ya kumweleza mtu.

Karibu na saa ya misa simu ikalia mapajani pangu.

"Dada Devota, ni Esha. Nimekuja kumzika bibi. Nimeshashuka Kitomanga, nimeelekezwa huku, lakini naona wamenipoteza. Hapa kuna msiba, nimeona picha ya marehemu mlangoni, ni wa mama mwingine. Wenu uko upande gani?"

Niligeuka dirishani. Alikuwa amesimama mbele ya meza, simu sikioni, kikapu cha unga kichwani, anaitazama picha ya mama yangu kwa heshima kama unavyotazama marehemu usiyemjua. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akamwombea huyo mama mwingine, akageuka kuondoka.

"Esha, usiondoke!" Nilipiga kelele mpaka wanawake wakanishika. "Ni hapa! Ni hapa hapa, usiondoke!"

Nilijing'oa mikononi mwao. Mfiwa hatakiwi kutoka mkekani, lakini nilitoka, bila viatu, khanga inaburuzika, kitabu cha sala mkononi. Esha alisimama barabarani, ananitazama mimi, anaitazama fremu. Nikaona ameelewa, na sikuweza kumtazama usoni. Dominick alikuwa kwenye benchi la wanaume. Alinyanyuka, akatoa gundi ya karatasi mfukoni, akaniwekea mezani.

"Ni mimi niliyesema asafishwe," niliwaambia. Niliwaambia wote: Rosa, wanakwaya, mwenyekiti wa kitongoji. "Clemence aliniuliza, nami nikasema ndiyo. Nilimwonea mama yangu haya."

Nilifungua kitabu cha sala, nikatoa karatasi ya Dominick, nikaibandika juu ya kioo, ikamfunika uso wote yule mwanamke mwororo. Jicho moja kivulini, mistari myeusi mashavuni, tundu juu ya mdomo. Esha alitua kikapu chake, akasogea, akapitisha kidole juu ya nembo taratibu.

"Huyu sasa," alisema, akaanza kulia.

Karatasi ilikuwa na alama za kukunjwa, moja imekatiza katikati ya uso. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kuinyoosha. Niliurudisha.